Mzazi Asiye na Mtoto

Kwetu mwanamke akijifungua haitwi jina lake kwa muda. Huitwa mzazi. "Mpelekeeni mzazi uji." "Msipige kelele, mzazi amelala." Akitoka arobaini jina hilo humtoka, akarudi kuwa mtu kama wengine, mwenye jembe na mtungi wake. Mimi niliitwa mzazi tangu alfajiri mpaka jua lilipofika juu ya paa, kisha nikavuliwa. Mtoto alikuwa amekufa.

Nilijifunza kuandika nikiwa na mvi, na mvi zina faida yake: aibu nayo imezeeka. Ninayoandika hapa ni mambo ya mwili, tena ya chini ya kitovu. Anayeona kinyaa aweke kitabu chini aendelee na shughuli zake, lakini ajue kuwa naye alipita huko huko.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Mimi ni mtu wa Korogwe. Watu wetu ni Washambaa walioteremka kutoka milima ya Vugiri. Nikaolewa Misima, upande wa Handeni, kwa Wazigua. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wa mama yake. Nilipokuwa na mimba yake ya kwanza, yeye alikuwa kwenye shamba la katani la Mzungu mmoja karibu na Korogwe, akifanya kazi ya kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Asipokimaliza haruhusiwi kurudi, na akirudi hivyo hivyo askari wa akida watamfuata na kiboko. Kwa hiyo yeye alikuwa kwetu na mimi nilikuwa kwao, kila mmoja mgeni mahali pa mwenzake.

Mimba ilipokua nilikusanya kuni. Mama mkwe ndiye aliyeniagiza. "Tafuta kuni nzito, zisizo na moshi," alisema. "Maji ya kumkanda mzazi hayachemshwi kwa mabua." Nikazipanga nyuma ya nyumba, rundo la kunitosha arobaini nzima, na jioni nilikwenda kulitazama kama mtu anavyotazama ghala lililojaa. Kulikuwa pia na kuku mwekundu aliyewekwa kwa ajili ya mchuzi wangu. Nilimpa pumba kwa mkono wangu mwenyewe.

Uchungu ulinishika jioni, ukakesha nami, ukashinda nami, ukakesha tena. Mkunga alikuwa shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye mikono mizuri na ulimi mbaya. "Sukuma," aliniambia, "mtoto hazaliwi kwa kulia." Mtoto alipotoka nilichanika kama kaniki inavyochanika, na sauti ile niliisikia kwa mwili, si kwa sikio. Alikuwa wa kiume. Alilia mara moja, kwa sauti nyembamba, kisha akanyamaza akawa anapumua tu. Nje wakapiga vigelegele. Mchuuzi wa tumbaku aliyekuwa amelala kijijini akavisikia, akauliza habari, akafunga mzigo wake akashika njia ya Korogwe. Alikuwa amekwenda mbali mtoto alipoanza kupoa.

Kwa kuwa alilia, alisaliwa. Wanaume wakamchukua, wakamzika, wakarudi wakanawa mikono. Wanawake wakaja kunipa pole, na kila aliyeinama mlangoni alisema lile lile: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Basi nikiwa nimelala kando ya ukuta nikasikia kuni zangu zinaondolewa kwenye rundo, moja baada ya nyingine. Mama mkwe alikuwa anawapikia waliokuja msibani. Chungu kikubwa, kilichonunuliwa kwa ajili ya maji yangu, kilipikiwa ugali, na kuku mwekundu akawa kitoweo. Siku ile sikumlaumu. Msiba una watu, na watu wanakula.

Matanga ya mtoto mchanga hayakai. Yalipoanuliwa, asubuhi yake nilikuta jembe limeegemezwa mlangoni kwangu.

"Amka, mke wa mwanangu," alisema mama mkwe. "Mtama unaliwa na magugu."

"Mama, bado natoka damu."

"Hata shambani itatoka."

"Na arobaini?"

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu kisicho cha mwombaji. "Arobaini ya nani? Mtoto yuko wapi?"

Nilikuwa msichana, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo hivyo, kwamba arobaini ni ya mtoto, na mgeni akishaondoka mkeka hukunjwa. Nikachukua jembe.

Lakini mwili haukupewa habari. Mwili ni mjinga, haujui msiba. Nikiwa katikati ya tuta matiti yakajaa, yakawa magumu na ya moto, nguo ikalowa kifuani mpaka kiunoni. Mtoto wa jirani akilia mbali, maziwa yanatoka. Nilijificha nyuma ya mtama nikayakamulia chini, na sisimizi wakaja. Hilo lilinitia hasira kuliko kifo chenyewe, kuona sisimizi wanakula cha mwanangu. Niliwakanyaga, nikawa nawakanyaga huku nalia, mtu angeniona angedhani nina pepo.

Tumbo nalo lilibaki limelegea kama gunia lililomwagwa nafaka. Ndani yake chango liliniuma, likinikamata na kuniachia, kana kwamba bado kuna wa kutoka. Mkojo uliniunguza mahali palipochanika. Nilikaa kwa paja moja, na nilipochoka paja hilo nilikaa kwa jingine. Nilioga maji baridi kwa sababu kuomba ya moto kungeleta tena swali la mtoto yuko wapi. Kidonda kikaanza kunuka. Jioni nilitetemeka kwa homa, asubuhi nikaamka nikaenda shamba.

Kijijini hakuna mto. Kisima kilikuwa kimechimbwa kwenye mchanga wa korongo kavu, mwendo mrefu kutoka nyumbani, na mwanamke alichota kwa zamu mpaka mtungi ujae. Kuubeba mtungi uliojaa ni lazima uchuchumae, uutie kichwani, kisha usimame kwa nguvu za mapaja. Siku hiyo nilisimama, na kitu kikashuka. Sikusikia maumivu makali. Kilikuwa kizito, laini, kikashuka kikasimama mlangoni. Nilidhani ni utumbo. Nilidhani ni mtoto wa pili aliyesahauliwa. Nikautua mtungi kwa pupa, nusu ya maji ikamwagika.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Hakuuliza nina nini. Aliwatazama wanawake wengine, akangoja mpaka wa mwisho amepanda ukingo, ndipo akasema, "Lala chali. Inua miguu. Kikirudi chenyewe, usiamke haraka." Nikalala juu ya mchanga. Akaingiza mkono kwenye shuka yake, akatoa kitambaa kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama ngozi ya sikio. "Kikunje hivi. Kiweke hapa, kizuie. Usiku unakitoa, unakifua, hakuna atakayejua."

"Ni nini hiki, mama?"

"Kizazi. Kimeshuka." Akajitwisha mtungi wake. "Utazoea."

Nilimchukia. Naandika hivi leo bila kuficha: nilimchukia kwa neno lile kuliko kwa kuni, kuliko kwa kuku, kuliko kwa jembe. Nilikuwa bado sijafikisha umri wa kuzoea kitu. Tangu siku ile nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitabaki hivyo. Kwamba mume wangu atamaliza kipande chake, atarudi, atanikuta na mwili wa ajuza uliofungwa kwa kitambaa, na atanirudisha kwetu, au, lililo baya zaidi, hatanirudisha. Na kwamba yule aliyezikwa ndiye atakayekuwa wa kwanza na wa mwisho.

Huko Korogwe, mchuuzi wa tumbaku alikuwa amempa mama yangu habari aliyokuwa nayo: binti yako amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mama akajiandaa. Mto Pangani ulikuwa umefura, akangoja ukingoni na wenzake hadi maji yapungue. Ndiyo sababu alichelewa hata damu ya nifasi ikawa imenikatika na maziwa yamekauka.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama yangu alikuja na kigelegele. Nilikisikia kutoka shambani, mbali, kule njia inakopinda. Nilijua ni chake, kwa maana mama alikuwa na kigelegele kinachopanda mara mbili. Watu walitoka nje ya nyumba zao na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyamazisha. Akaja akikipiga, na kapu kichwani, na mkononi mbeleko mpya, mpaka aliponiona mimi nimesimama kwenye mtama na jembe, na mgongo mtupu. Kikakatika.

"Mtoto yuko wapi?"

Mtu mmoja akaonyesha kidole nyuma ya nyumba. Mama hakutazama kidole kinakoelekea. Alikuwa anaitazama miguu yangu. "Mbona unasimama hivyo?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilimweleza ndani, mlango ukiwa umefungwa. Alinifungua nguo akaona kidonda, akaona kitambaa. Akasema kwa Kishambaa maneno nisiyoweza kuyaandika hata kwa mvi zangu hizi. Kisha akajifunga vizuri, akatoka, kwa sababu adabu ni adabu na mama mkwe alikuwa mkubwa kwake.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba. Pole kwa safari. Pole kwa msiba."

"Nimekwishapoa. Mkwe, mwanangu amekandwa?"

"Akandwe kwa mtoto gani?"

"Kwani kaburi la mzazi ni la mtoto?" Mama akamsogelea. "Kaburi la mzazi liko wazi arobaini nzima, mtoto awepo, asiwepo. Umemlimisha mwanangu ukingoni mwa shimo, mkwe. Angeteleza?"

Baba mkwe alikohoa ndani kwake, akakaa huko huko.

Mama akaichukua ile mbeleko, mpya, haijabeba mtu, akanifunga nayo tumbo. Aliikaza mpaka nikakosa pumzi. Akaenda mwituni mwenyewe, mahali asipopajua, akarudi na kuni. Akaianza arobaini yangu kutoka mwanzo, kana kwamba nimejifungua siku ile.

Watu hudhani kukandwa ni kubembelezwa. Maji yalikuwa yanachemka. Mama alitumbukiza kitambaa, akakikamua kwa vidole vilivyokwishakuwa sugu, akakibandika tumboni, na juu yake akaegemea kwa uzito wake wote, akisukuma kutoka chini kwenda juu. Alinilaza nyonga zikiwa juu ya gunia lililokunjwa, kichwa chini. Alinikalisha kwenye beseni la udongo lenye maji ya uvuguvugu na chumvi aliyoibeba kutoka Korogwe, nikapiga kelele, akanishika mabega nisiondoke. Nilimtukana mama yangu mzazi, na yeye akasema, "Tukana, lakini kaa." Uji wa pilipili manga ulinichoma koo. Sikuruhusiwa kuinua hata kata ya maji.

Homa ikaondoka. Kidonda kikaacha kunuka, kikafunga, ingawa kilifunga upande na mpaka leo pana mstari mgumu. Matiti yalibaki yamelala. Kile kitu kilipanda polepole. Kwanza kikakaa juu nilipolala, baadaye nilipokaa, mwisho nilipotembea bila kitambaa. Hakikurudi chote. Nikikohoa sana, nikiinua mzigo, hunikumbusha kwamba kipo. Mume wangu aliporudi alinikuta nina mwili unaofanana na ule aliouacha, akaridhika, nami nikamwacha aridhike. Nilizaa tena baadaye, kwa hofu.

Lakini hayo ni ya mbele. Siku zile mama aliponikanda, mama mkwe alikaa nje akichambua kunde, mgongo wake kwenye mlango wetu. Wakwe wale wawili hawakusemezana zaidi ya salamu. Nilimsikia pale nje akisogeza kigoda, na nilifurahi kwamba anasikia kelele zangu. Nilitaka zimwume.

Alasiri moja, mama alipomaliza na mimi, mlango ukasukumwa. Mama mkwe akasimama pale, ungo wa kunde ungali mkononi. Hakunitazama. Alimwuliza mama, "Maji yamebaki?"

Mama alimtazama. Niliona usoni mwake kwamba lipo jibu tayari, na kwamba si jibu zuri. Kisha akasogea pembeni, akatandika lile gunia. "Lala, mkwe."

Mama mkwe akaweka ungo chini, akalala, akafumba macho. Mama akaweka mikono tumboni pake, akaishusha, ikasimama. Akaipapasa tena sehemu ile ile, taratibu zaidi.

"Kilishuka kwa mtoto yupi?"

"Wa kwanza," alijibu mama mkwe.

Mume wangu alikuwa kitinda mimba. Katikati ya huyo wa kwanza na yeye kulikuwa na wote wengine, waliokua na waliozikwa, na jembe, na mtungi kutoka korongoni, miaka yote ile. Nilitafuta ile chuki yangu pale nilipokuwa nimeiweka, sikuiona.

Mama aliendelea kukanda mpaka maji yakapoa, ingawa mikono yake ilikwishajua kwamba pale hapakuwa na cha kurudisha. Mama mkwe akashikwa na usingizi, mchana kweupe, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha aende shamba.