Mwanamke Aliyewarudisha Watu

Vyama vingi viliporuhusiwa, ofisi ya chama chetu pale Kanduyi ilikuwa na mwenyekiti jasiri mwenye hasira za karibu, na karani mmoja, mama mtaratibu. Siku niliyokwenda kuchukua kadi, mwenyekiti alimfokea mkulima wa Chwele kwa kuingia bila kuvua kofia. Mkulima akairudisha kadi mezani, akatoka. Karani akamfuata hadi langoni, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Rudi, baba. Mzee hakuwa anasema na wewe. Alikuwa anasema na serikali."

Mkulima akacheka, akarudi. Asubuhi hiyo nilimwona karani akirudisha watu wanne vivyo hivyo, bila kuchoka. Nikajiambia, chama chenyewe ni huyu mama.

Kisha chai ikaletwa imepoa, na mwenyekiti akamfokea yeye, mbele yetu sote. Karani akafunika taipureta, akatundika ufunguo msumarini, akachukua mkoba wake.

"Na mimi, mzee," akauliza polepole, "nani atanirudisha?"

Akatoka, na hakuna aliyemfuata hadi langoni.

Mpaka leo watu husema ni serikali iliyoifunga ile ofisi. Mimi nilikuwepo.