Chai ya Wamama wa Maombi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa majani ya chai dukani, huko kijijini Nuu miaka ya sabini, mama alipoanza kushikwa na hofu. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikamtetemeka, usiku halali. Baba alikuwa kazini Mombasa, tukimwona Krismasi tu. Shangazi, dada yake baba, hakuhitaji kufikiri: ni jicho baya la jirani. Akafunga uzi mwekundu kwenye mguu wa kitanda, kisha akasema neno lililomuumiza mama kuliko ugonjwa wenyewe.

"Hii mikono itaangusha mtoto. Nikirudi nachukua Mwende, akae na mimi Kalamba."

Mwende, mdogo wangu, alikuwa bado ananyonya.

Wamama wa kanisa nao wakaja kuomba. Walikuja asubuhi, wakaja jioni, na hawakuomba na koo kavu. Maziwa hayakuwepo, kwa hiyo ilikuwa strungi, chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu, na mwenye nyumba hawezi kukaa akitazama wageni wakinywa. Amina, kikombe. Amina, kikombe kingine. Mpaka leo nikikumbuka nasonya.

Kisha mto ukafurika, lori la kutoka Mwingi likakwama ng'ambo, majani yakaisha dukani. Tukawa tunakunywa uji wa wimbi. Mama akalala! Shangazi alipofika kumchukua Mwende, alimkuta mama mlangoni anasuka kiondo, vidole vimetulia kabisa. Akarudi Kalamba mikono mitupu, akiusifu uzi wake.

Lori lilipovuka na majani yakapatikana tena, wale wamama nao wakarudi, wakasema ni maombi yao yaliyomponya. Na walishukuruje? Kwa sufuria nzima ya strungi, jamani! Usiku ule mama hakulala, na tangu hapo shangazi akija, mama alikuwa anaficha mikono chini ya leso.

Nikiwa mtu mzima, daktari aliniambia kwamba chai kali inaweza kuukimbiza moyo na kuzidisha wasiwasi kwa baadhi ya watu. Nilikwenda nyumbani na hasira ya miaka yote ile.

"Mwaitu, mama yangu, ilikuwa ni chai!"

"Najua," mama akasema, akinimiminia kikombe. "Nilijua tangu wakati ule wa uji."

"Na ukaendelea kunywa?"

"Sasa ningewakaribisha na nini? Maji?"

Nilitaka kumgombeza. Lakini nikazikumbuka zile siku za uji. Alilala vizuri, ndiyo, na hakuna hata mmoja wa wamama wale aliyebisha hodi kwetu.