Mifuko ya Upepo ya Lori la Mwinshehe

Mwinshehe alizaliwa Fukayosi kwa watu wa jembe, na jembe akalikimbia. Vita vya Hitla vilipokuja akaenda Burma kuendesha malori ya jeshi, akarudi na buti na mdomo. Kila alipopita kwao aliwacheka kaka zake, ati migongo imepinda kama mundu. Akakaa Dunda, akamwoa Biubwa, akapata lori kuukuu, basi hakukalika naye tena.

Akapewa kazi ya kuchukua chumvi kutoka mashimoni kwenda Lugoba. Chumvi nyingi, lori dogo, akafunga tela nyuma. Tela likalikalia lori. Matako chini, pua juu, springi za nyuma zimelala kama ulimi wa mbwa, na usukani ukawa hauna uzito, hujui unakwenda wapi. Likakwama njiani, likakwama tena. Mwenye chumvi akamwambia likikwama safari nyingine kazi anampa mtu mwingine. Bila chumvi hakuna lori, bila lori ni Fukayosi, kulima chini ya wale kaka aliowacheka. Hilo alikuwa akiliogopa kuliko kaburi.

Ufundi alikuwa nao, siwezi kumnyima. Alikata tyubu za magurudumu, akaziba ncha kwa moto na solusheni, akapata mifuko miwili. Mmoja kulia, mmoja kushoto, katikati ya ekseli na chasisi. Ukitia upepo kwa pampu ya mguu, lori linainuka kama ng'ombe, nyuma kwanza. Ila tyubu tupu ikibanwa inapasuka. Ilitaka koti la turubai gumu. Akajaribu la dukani, likachanika siku hiyo hiyo.

Sasa nyuma ya msikiti lilikuwapo jeneza la zamani, limeegemezwa ukutani tangu walipopata jipya la mninga. Tumbo lake turubai la tanga, mara mbili, limeshonwa na mafundi wa majahazi. Limewabeba watu wa Dunda wangapi, Mungu ndiye anajua. Mwinshehe akaenda baada ya adhuhuri, watu wamejilaza, akalikata kwa kisu. Ati takataka. Takataka gani? Ile ni wakfu. Kitu akishapewa Mungu hakiwi chako kwa kuwa kimechakaa, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Na yeye alijua, akakata.

Akampelekea Biubwa ashone.

"Baba Rehani, hili linanuka kafuri ya maiti."

"Linanuka duka. Shona."

Akashona. Simwonei huruma, pua alikuwa nayo.

Mifuko ikafungwa, ikatiwa upepo, lori likasimama sawa kama meza. Tela limejaa chumvi na springi hazilii. Mwinshehe akapita katikati ya Dunda makusudi, aonekane. Barazani wanaume walikuwa wakicheza bao. Lori lilipofika mbele yao, mikono ikaachia kete, wakasimama wote. Akadhani anaheshimiwa, akawapungia. Wakashuka barazani, wakalifuata lori hatua chache, midomo inatikisika bila sauti. Halafu wakarudi kukaa, wakatazamana kama watu walioamshwa.

Njiani ikawa hivyo hivyo. Mwenye baiskeli akateremka, akavua kofia ya pama. Fukayosi, wanawake waliokuwa wakitwanga wakashusha michi, wakajifunika kanga vichwani. Mwinshehe akakanyaga mafuta aondoke upesi. Lori likanguruma, likatoka moshi, lakini mwendo haukuongezeka. Lilikwenda mwendo wa watu wanaotembea kwa adabu.

Lugoba wapagazi walimshushia chumvi bila wimbo, bila matusi. Magunia hawakuyatupa. Waliyateremsha polepole, wakayalaza safu moja ubavu wa kulia, yote yanaelekea kibla. Mmoja akachukua mchanga kwenye kiganja, akauangalia, hajui anataka kuufanyia nini.

Habari haikai. Nani atatia kwenye mchuzi chumvi iliyolazwa hivyo? Siku ya pili mwenye chumvi akaita lori jingine.

Mwinshehe alivyorudi Dunda, watu walimfuata mpaka mlangoni kwake. Mbele yao Mzee Bwanausi, mtunza msikiti.

"Mwinshehe, baba, tumemsindikiza nani?"

"Hakuna mtu. Nilibeba chumvi."

"Miguu yetu haiji kwa chumvi."

Hapo neno moja tu lingetosha, aseme nimekosa, niwieni radhi. Akawaambia wazee wamechoka, waende wakalale. Biubwa akatoka nyuma ya mlango, ushungi umemshuka, akasema yeye. Akaeleza turubai limetoka wapi na nani kalishona. Mumewe akatazama matairi.

Walifungua mifuko palepale. Upepo ulipotoka ulitoka taratibu, mrefu, kama mtu anayepumua mara ya mwisho, na lori likakaa chini. Mzee Bwanausi akakunja turubai kwapani.

"Kitu kimerudi," akasema. "Neno lako bado, tunalingoja."

Wakalingoja mpaka lori likauzwa. Hakulisema. Mtu alijua kuomba pampu, kuomba spana, hakujua kuomba radhi.

Asubuhi aliyoondoka kwenda Fukayosi alipita kwa miguu, jembe begani, hana lori wala turubai. Barazani wanaume wakaacha bao, wakasimama.

"Kaeni, jamani," akasema. "Ni mimi."

Hawakumsikia. Watoto waliokuwa wakimwamkia shikamoo kila siku wakanyamaza, wakabana ukutani kumpisha. Mzee Bwanausi akaja ubavuni, akampokea jembe kwa upole, akamwingizia bega chini ya kwapa. Mwingine akaja upande wa pili. Wa nyuma akasogea, akampokea wa kwanza, akashika yeye, wanapokezana, midomo inatikisika.

Mwinshehe akafungua kinywa. Sasa ndiyo alitaka kulisema lile neno, sauti haikutoka. Wakaenda naye hivyo mpaka nje ya mji, vidole vya miguu yake vinachora mchanga.