Sikwenda Holili

Baada ya wiki mbili naanza chuo. Nitasoma shahada ya afya ya akili, na huku Old Moshi wapo wanaocheka chinichini kwamba kichaa anakwenda kusomea ukichaa. Wacheke, hata mimi siku nyingine inanichekesha. Ila ninyi mlio na mgonjwa chumba cha nyuma, mliowaambia majirani kwamba amesafiri, nanyi sina utani. Nawaandikia yaliyonipata.

Kabla sijaugua nilikuwa binti kama mabinti wengine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, mchana nilishuka Moshi na Mama kuuza ndizi, na nikirudi sikosi blauzi ya mitumba mkononi. Baba aliniita Profesa. Akija mgeni, hata chai haijamiminwa, Baba ameshaanza: "Huyu Manka ndiye atakayetutoa."

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Mwanzoni nilifurahi, nikafua nguo za nyumba nzima. Kufika siku ya nne macho yaliwaka kama yametiwa pilipili, midomo ilipasuka, chakula kilikwama kooni, na bado sikuchoka. Halafu nikaanza kusikia maji yakisema. Juu ya kihamba chetu, shamba la migomba tulilorithi, unapita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji shambani. Nimekua nao ule mfongo. Sasa ukawa unaniita kwa jina. Uliniambia maji yametiwa sumu, na yakifika chini watoto wa watu watakufa wote.

Asubuhi moja, ikiwa zamu ya Mama Ndeshi, jirani yetu wa chini, nilichukua jembe nikauziba mfongo kwa matope na vigogo vya migomba. Nilifanya kazi mpaka viganja vikatoka damu. Maji yalipokosa pa kupita yakabomoa ukingo, yakaporomokea kwa Mama Ndeshi na kusomba maharage yake yote.

Kwetu mtu husamehewa mengi, lakini si kuchezea zamu ya maji. Baba hakuniuliza neno. Yeye na kaka yangu walinikamata, wakanifunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, wakanitia stoo ya kahawa. Nilikaa humo siku tatu. Nilijikojolea. Kamba ilikula ngozi, na alama ninayo hadi leo kwenye mkono wa kushoto. Mama aliniletea uji, akaninywesha huku analia, kisha akatoka na kufunga mlango tena. Nilimchukia siku zile, na nilimwonea huruma pia.

Siku ya tatu Mama Ndeshi alipanda kwetu na mzee wa mfongo, msimamizi wa zamu za maji, kudai haki yake. Niliwaona kupitia ufa wa mbao. Baba alikuwa amejiandaa. Alishika jani la isale kwa mikono miwili, akampa Mama Ndeshi. Kwetu isale ndiyo msamaha wenyewe. Ukiletewa, uwe na hasira kiasi gani, hulikatai.

"Ni kibarua wangu aliyeziba," Baba alisema. "Nimeshamfukuza. Mbuzi wa faini yule pale, na pombe ya mbege itapikwa."

"Na Manka yuko wapi?" Mama Ndeshi aliuliza.

"Manka amekwenda Holili kwa shangazi yake."

Nilitaka kupiga kelele. Ulimi ulikuwa umekauka, ukatoka mlio tu, kama wa ndama. Wote waligeuka kuitazama stoo. Mama alijifunika uso kwa kanga.

"Baba Manka," Mama Ndeshi alisema polepole, "umeshika isale halafu unasema uongo? Nilimwona kwa macho yangu. Mimi nimefagia wodi ya wagonjwa wa akili mpaka nimestaafu. Yale macho nayajua. Huyo hakuiba maji, huyo anaumwa."

"Hayo ni mambo ya nyumbani kwangu."

"Na maharage ni ya kwangu! Isale nimepokea, siwezi kukataa. Mbuzi wako sitaki. Faini yangu ni moja tu, mtoto afunguliwe sasa hivi, kesho asubuhi ashuke hospitali. Nami nakwenda naye."

Baba alimtazama mzee wa mfongo, akitafuta msaada. Mzee akakohoa. "Faini hupanga aliyekosewa," alisema. Baba akaenda kuufungua mlango.

Hospitali mjini nilichomwa sindano, nikalala usingizi wa mfu. Daktari alisema, "Huu ni ugonjwa kama kisukari. Dawa ipo. Ukiiacha, utarudi hapa." Sitawadanganya kwamba dawa ni tamu. Shingo ilipinda, mate yalinidondoka kifuani, mikono ilitetemeka hata kijiko kikanishinda, mpaka nilipoongezewa kidonge kingine na baadaye kubadilishiwa dawa. Nilinenepa, magauni yakagoma. Na nilipopona kidogo nikajiona mjanja, nikaacha kumeza. Mwezi haukuisha. Mama Ndeshi alinikuta nimesimama mfongoni, nimetega sikio.

"Manka, jana umelala?"

"Nimelala, mama."

"Usinidanganye."

Nilikuwa sijalala siku mbili. Alinishika mkono, tukashuka hospitali vilevile na kandambili zetu. Tangu hapo sijaacha dawa.

Miaka ikapita. Nilishona nguo, na siku za kliniki nikawasomea kadi wagonjwa wasiojua kusoma. Hapo ndipo nikataka chuo. Nilipopata nafasi nilirukaruka uwanjani, kisha nikaiona fomu ya afya. Swali lilikuwa moja tu la kunitesa: umewahi kuugua ugonjwa wa akili?

"Andika hapana," Baba alisema. "Nani atajua?"

Nilikaa na fomu siku tano. Mwisho nikaandika ndiyo, nikampelekea daktari. Aliisoma, akanitazama.

"Ugonjwa peke yake hautakuzuia," alisema. "Lakini sisaini mpaka mtu wa nyumbani kwako aandike kwamba anaujua ugonjwa huu, na kwamba ukianza tena atakuleta. Baba yako yupo?"

Mama Ndeshi angesaini hata amefumba macho, lakini hakuwa wa nyumbani. Mama asingeandika bila Baba kuruhusu. Na Baba, miaka yote ile, mtu akimuuliza, bado alisema nilikuwa Holili. Fomu ilitakiwa irudishwe Ijumaa.

Alhamisi asubuhi niliiweka mezani, karibu na chai yake. Aliisoma yote. Alisimama, akachukua panga, akatoka. Chai ilipoa na utando ukashika juu. Nikasema moyoni, basi, chuo kimeniponyoka.

Aliporudi alikuwa ameshika jani la isale, amelikata kwenye ua wa kihamba. Alinisogelea, akalishika kwa mikono miwili.

Mama alishtuka. "Baba Manka! Mzazi humpelekea mtoto isale?"

"Lile la kwanza nililishika na uongo," alisema. Macho yake yalikuwa kwenye kovu la mkono wangu. "Hukwenda Holili, mwanangu. Nilikufunga mimi."

Nililipokea. Nililia mpaka kamasi, siwafichi. Baba akaketi, akaomba kalamu, akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: Ninaujua ugonjwa wa binti yangu. Akikosa usingizi siku mbili nitamleta mwenyewe. Daktari alisaini siku ileile.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Ndeshi na maharage yake, namshukuru baba yangu. Dawa mezeni hata mkijiona wazima, na anayekuuliza kama umelala usimkasirikie. Lile isale nimelibana kwenye daftari langu la kwanza la chuo. Na wewe uliye na mtu wako "Holili", weka chini karatasi hii, nenda ukamfungulie.