Perez na Matumbo ya Jongoo

Perez Ondiek ana vidole vya rangi mbili. Vyenyewe ni vya kawaida, lakini ncha zake ni za kahawia, kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi maisha yake yote. Hayo ni maji ya jongoo. Jongoo akishtuka huyatoa ubavuni, yananuka, na hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Wanawake wanaonunua miche ya sukuma wiki kwake pale Otonglo wameshazoea vidole hivyo. Waliokataa kuzoea ni watu wa boma lake mwenyewe.

Alizaliwa upande wa Sondu, na kabla ya kuja kukaa bomani alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya upili mjini Kisumu. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kupanga darubini na kuwatafutia wanafunzi mende wa kupasua. Mwalimu Wechuli wa bayolojia aliona jinsi mama huyu anavyochelewa kuondoka ili achungulie, akamfundisha kushika wembe. Mende walipoadimika, walipasua jongoo. Perez alipoona kilichomo ndani alisahau hata chai yake.

Mumewe Fabian Ondiek alipofariki, alihamia bomani kwa wakwe na kuweka mapipa nyuma ya nyumba yake. Ndani yake alitia gugumaji lililokauka, majani ya migomba na maboksi yaliyoloweshwa, kisha akatia majongoo. Walikula na kutoa vidonge vyeusi vidogo visivyonuka, na vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa mbolea aliyopandia miche. Hakuona kosa lolote katika hilo. Mimi pia silioni, lakini mimi si shemeji yake.

Shemeji yake Gordon, mdogo wa marehemu, aliliona. Au tuseme aliuona ule upande wa nyuma wenye mapipa, akaona jinsi ungefaa kwa vyumba vya kupangisha. Kwa hiyo mvua iliponyesha na viazi vitamu vya mama yao vikang'olewa vikiwa na matundu, majongoo wamejikunja humo ndani, Gordon hakutafuta sababu mbali. Alisema Perez anafuga uchawi. Alisema ni chira, ile laana inayoingia boma likivunja mwiko, na kwamba yeye mwenyewe ameanza kukohoa. Aliita kikao Jumamosi asubuhi, akaja na mtungi wa mafuta ya taa kabla mtu yeyote hajaamua lolote.

Mzee Laban, baba mdogo wa Gordon, ndiye aliyeketishwa mbele. Mama mkwe, Rachael, aliketi kwenye kiti chake cha plastiki huku beseni la viazi vilivyotobolewa likiwa miguuni pake. Majirani walisimama wakijifanya wanapita.

"Maneno ni mbili tu," Gordon alisema. "Achome hizi dudu zake leo, ama arudi kwao Sondu nazo."

"Sichomi," Perez alijibu. "Na Sondu siendi. Niliolewa hapa na nimezika mume hapa."

"Hata hujaambiwa uongee."

"Ndiyo maana nimeongea mapema."

Kuna mtu alicheka nyuma. Perez hakucheka. Alikuwa amekasirika, kwa sababu mapipa yale ndiyo yaliyomsimamisha wakati watu hawa hawa walipongoja ainame.

"Mnasema wanakula mizizi na kuleta ugonjwa," alisema. "Haya. Tumbo halidanganyi mtu. Shemeji, chagua mmoja mwenyewe kutoka kwenye viazi, nimpasue hapa mbele yenu."

Gordon aliinama juu ya beseni, akaokota mnene kuliko wote. Perez akaleta meza, sahani nyeupe, wembe na pini. Kikabaki kitu kimoja.

"Mzee Laban," alisema kwa heshima zote, "nisaidie na ile dawa yako ya kifua."

Mzee alikohoa, akatazama juu, halafu akatoa mfukoni kichupa ambacho boma zima lilijifanya halikijui. Perez alimimina chang'aa iliyokuwamo, ile pombe kali ya kienyeji, kwenye kikombe, akamtia jongoo. Mdudu aligeuka geuka, akalegea, akajinyoosha. Wengi wa jamaa waliokuwepo walishawahi kupitia hali hiyo.

Akamlaza kwenye sahani, akapitisha wembe ubavuni huku na huku, akainua pingili za mgongoni kama kifuniko. Ndani kulikuwa na bomba moja, limenyooka kutoka mdomoni hadi nyuma, limejaza mwili wote.

"Si kama matumbo ya ng'ombe," alisema. "Hakuna kujikunja hapa. Hili fupi la mbele ni koo, na hivi viuzi ni vya mate, vya kulainishia chakula. Hili refu ndilo tumbo lenyewe. Ndani yake mna ngozi nyembamba. Chakula kinasafiri kimefungwa ndani yake kama unga ndani ya karatasi, kisiukwaruze ukuta. Hapa mwisho wa tumbo kuna nyuzi mbili nyeupe. Hizo ndizo figo zake. Na huku nyuma ndiko kazi kubwa iliko. Kuna vinyweleo, na kwenye vinyweleo kuna vijidudu tusivyoviona, vinavyomalizia kuvunja lile jani gumu. Halafu maji yananyonywa yarudi mwilini, kidonge kinatoka kikavu."

Majirani walikuwa wameacha kujifanya wanapita. Perez akapasua lile bomba kwa ncha ya pini. Tumboni mlikuwa na uji mweupe.

Angeweza kuuziba kwa kidole. Kidole chake ni cha kahawia na meza ilikuwa na kivuli. Lakini alikuwa amesema tumbo halidanganyi, naye hakuwa tayari kuwa mwongo wa kwanza mezani pale.

"Hiki ni kiazi," alisema kwa sauti. "Huyu amekula kiazi cha mama."

Kukatokea minong'ono. Gordon alifungua kizibo cha mtungi.

"Funga hicho," Perez akamwambia. "Sijamaliza. Nenda kwenye pipa, chagua mwingine."

Wa pipani naye akaoga kwenye kikombe, akapasuliwa. Bomba lilikuwa lile lile, koo lile lile, nyuzi zile zile mbili. Alipolipasua, lilikuwa jeusi mwanzo hadi mwisho, limejaa makombo ya majani yaliyooza.

"Jongoo ni jongoo," Gordon alisema.

"Na Ondiek ni Ondiek? Yule aliyeuza ng'ombe wa Mzee Laban bila ruhusa alikuwa Ondiek wa hapa hapa. Mbona wewe hatukukuchoma kwa kosa lake?"

Mzee Laban alitazama kichupa chake kwa makini sana.

Ndipo Rachael aliponyanyuka. Alisogea mezani, akatazama sahani, akainama na kunusa yule wa pili.

"Ananuka udongo wa mvua," alisema. "Nyar Sondu." Ndivyo alivyomwita tangu aolewe, binti wa Sondu. "Kwa nini wako hawakuli viazi vyangu, na hawa wamekula?"

"Wangu wana chakula, mama. Meno yao ni ya jani lililolainika. Hawa wako walitoka udongoni mvua iliponyesha, wakakuta hakuna jani hata moja. Kilichokuwa kimebaki laini ni kiazi."

"Jani lilienda wapi?"

Kila mtu pale alijua boma lile linasifiwa kwa kufagiwa likang'aa, na kabla ya mvua Gordon alikuwa ameendelea kufagia mpaka ndani ya shamba la mama yake, akakusanya majani yote na makapi yote, akatia moto. Alipongezwa siku ile. Rachael mwenyewe ndiye aliyempongeza.

Mama aligeuka akamtazama mwanawe, kisha ule mtungi mkononi mwake.

"Na leo umekuja na moto tena," alisema.

Akarudi kwenye kiti, akaketi taratibu, akasukuma beseni kwa mguu kuelekea kwa Perez.

"Chukua hawa wezi wangu. Watie kwenye pipa, wafunze kula majani. Na uniletee majani yako mengine niweke shambani. Mapipa yatakaa pale pale yalipo."

Mzee Laban akasema kikao kimekwisha, akaomba kichupa chake. Perez alimrudishia, akalibeba lile beseni kiunoni. Alimpita Gordon aliyekuwa bado amesimama na mtungi wake.

"Shemeji, usirudi na hayo mafuta," alisema bila kusimama. "Niwekee pale mlangoni kwangu. Stovu yangu imekauka."

Gordon alimtazama mama yake, na mama yake akawa anatazama viazi vikiondoka na Perez. Gordon akaenda akauweka mtungi mlangoni.