Mrashi wa Mama Zuhura

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binti wa mfanyakazi mwenzangu hapa Morogoro, kijana mmoja alipita kati ya viti akitunyunyizia maji ya waridi kwa chupa ya plastiki, zile za kusafishia vioo. Harufu iliponifikia nilimwambia, "Zamani walitumia mrashi." Akacheka kwa adabu. "Marashi, mama. Ndiyo haya." Sikumsahihisha. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari mpaka macho yakauke, na mume wangu akadhani harusi ile imenikumbusha yetu.

Yeye sijawahi kumsimulia. Nyinyi nitawaambia.

Nilikulia Kibaoni, Ifakara. Jirani yetu alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kilwa aliyeletwa bondeni na mume mchuuzi wa samaki. Mume alifariki akamwachia binti mmoja. Sisi tulikuwa watu wa kanisani, wao wa msikitini, na ua wa matete uliotutenganisha ulikuwa na tundu la saizi yangu. Msimu wa mpunga wazazi wangu walihamia shamba kufukuza ndege, nami nilibaki kwa Zuhura. Ndiye aliyenisuka, akaniogesha, akanifundisha kufunga viatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, na vidole vyake vilinuka nazi.

Siku moja nilimkuta mama yake akisugua kwa majivu chombo cha rangi ya fedha. Kilikuwa na tumbo la duara lenye nakshi, shingo ndefu nyembamba, na kichwa chenye vitundu vidogo. Nilimwamkia, kisha nikauliza kama yale ndiyo marashi.

"Marashi ni maji yenyewe," alisema. "Hiki ni mrashi, chombo chake. Marashi unamnyunyizia mgeni. Ukimrushia mrashi, utampasua kichwa."

Zuhura alicheka hadi akaangusha ungo.

"Unatumika lini?" nikauliza.

"Siku ya furaha. Siku nitakayomtoa huyu dada yako, nitatoka chumbani nao, ninyunyizie watu. Wanawake watalia, maana bibi harusi huliliwa. Wewe ukiniona tu mlangoni, piga kigelegele. Usimsubiri mtu."

Zuhura alikuwa amechumbiwa na fundi baiskeli, kijana mpole ambaye akija kusalimia alisahau maneno. Kwa wiki kadhaa nilifanya mazoezi ya kigelegele nyuma ya banda la kuku, mpaka mama yangu akauliza ni mdudu gani ameniingia kooni.

Zikiwa zimebaki siku chache harusi ifike, baba alinichukua twende Mlimba kwa shangazi. Tulirudi na treni, tukashuka asubuhi, na baba akabaki stesheni kutafuta wa kubeba gunia la mchele. Mimi nilipakiwa kwenye baiskeli ya jirani tuliyemkuta pale, mtu asiye na maneno mengi. Njia nzima hakusema kitu. Baadaye nilijua kwamba alishindwa aanzie wapi.

Nilipitia kwenye tundu langu la ua. Uwanja ulikuwa na mikeka, na wanawake wamejifunika kanga, mama yangu akiwa miongoni mwao. Wengi walikuwa wakilia kwa sauti ya chini. Moyo wangu ukaruka. Nilijua bibi harusi huliliwa. Nikaona wameiwahisha siku, na mimi nimefika kwa bahati.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama Zuhura akatoka, ameshika mrashi kwa mikono miwili.

Nikapiga kigelegele. Kilitoka safi kuliko chochote nilichowahi kupiga nyuma ya banda, kirefu, na hakuna aliyekipokea.

Mama yangu aliruka akaniziba mdomo. Mwanamke mmoja akasema nitolewe, mtoto gani huyu asiye na adabu. Nikamsikia Mama Zuhura akisema, "Mwacheni. Mimi ndiye niliyemfundisha." Kisha akampa shemeji yake mrashi, wa kwenda kunyunyizia kaburi. Nyuma yake, mlangoni, wanaume wakaanza kutoa jeneza.

Malaria ilikuwa imempanda Zuhura kichwani. Siku tatu tu. Sanda yake ndiyo iliyokuwa imenyunyiziwa maji yale niliyoambiwa ni ya furaha.

Tangu siku ile sikupita tena kwenye ua. Nikimwona Mama Zuhura barabarani nilibadili njia. Niliamini kwamba nimemcheka marehemu, na kwamba mama yake ananichukia kimyakimya. Nikaenda sekondari ya bweni, nikaolewa, na kila likizo nilikuwa na sababu ya kutofika kwake.

Mama yangu ndiye aliyenikokota, mwaka nilipojifungua mtoto wa kwanza. "Mwanamke mzee anauliza habari zako kila Ijumaa," alisema. "Nimechoka kumdanganya."

Nilimkuta Mama Zuhura amekaa kwenye mkeka, macho yameanza kuingia ukungu. "Shikamoo, mama. Ni Anjela." Akaitikia marahaba, akamchukua mtoto, akamnusa kichwani. Nilianza kuomba msamaha.

"Wa nini?" akauliza. Nikamtajia kigelegele cha siku ile.

"Ndugu zangu walipanda basi kutoka Kilwa waje wampigie vigelegele," alisema. "Walifika wakalia. Mwanangu hakupata hata kimoja, isipokuwa chako. Ninapomwombea, nawe nakutaja. Sijawahi kuruka siku."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Miaka ishirini na mmoja nilikuwa nikimkwepa mtu huyu mitaani, nikijificha nyuma ya vibanda vya watu, naye kila siku alikuwa akiniombea kwa jina.