Bega liligoma kushuka, kwaya nzima ikaendelea kushikilia "Amina"

Wakuu, habari za humu. Hii sijaipamba. Mwimbaji yeyote wa usharika wa Akheri akiisoma atanitambua, na aibu nimeshaizoea.

Mimi ni mwalimu wa kwaya usharikani. Kuimbisha nimejifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni, kwa hiyo naishi na hofu kwamba siku moja nitagundulika. Dawa yangu ya hofu ni kurudia. Wimbo mmoja tunarudia mpaka soprano wananitazama kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Bega la kulia lilianza kukaza taratibu. Nikapuuza, maana mashindano ya kwaya ya jimbo yalikuwa yanakaribia.

Siku hiyo mazoezini tukafika "Amina" ya mwisho. Nikainua mkono juu kabisa, kama kawaida yangu.

Ukagoma kushuka.

Sasa mjue, kwaya yangu nimeifundisha sheria moja: mkono usiposhuka, hakuna kunyamaza. Na wanatii! Wakashikilia ile "naaa". Mimi machozi yananitoka kwa maumivu, wao wakadhani nimeguswa na Roho, wakaongeza sauti. Alto mmoja akakaa chini.

Mzee Elibariki wa besi ndiye aliyevunja sheria: "Mwalimu, tuue basi tujue moja!"

Nyumbani mama akanichua kwa mafuta ya kondoo. Bega halikulegea, ila soprano walihama mstari wa mbele kwa harufu.

Mwenyekiti wa kwaya akaniita pembeni, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. "Usipopona kabla ya mashindano, tutamwomba mwalimu wa vijana atuimbishe."

Nikakimbilia Njiro kwa dada mmoja physio, mtaalamu wa tiba ya viungo. Akanipima, akasema kiungo kimekaza, kinataka kusogezwa taratibu kwa mikono, pamoja na mazoezi nyumbani. Nikalala kitandani, akaushika mkono.

"Legeza."

"Nimelegeza."

Akauachia. Mkono ukabaki hewani peke yake.

"Kaka, na huu sasa nani ameushika?"

Nikamuuliza nilegeze asilimia ngapi. Nikamwambia pia kwamba kwenye video huwa wanaanzia nyuma ya bega.

"Basi hiyo video ndiyo ije ikutibu. Kazi yako hapa ni moja tu: usinisaidie."

Wakuu, sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Kila akiusogeza mkono, mimi namtangulia, nisionekane mgonjwa mzembe. Hata zoezi la kutambaza vidole ukutani nililifanya mara mbili ya alivyoagiza, bega likazidi kuuma. Alinigombeza nikatamani kuingia chini ya kitanda.

Mashindano yalifika mkono ukiishia usawa wa kifua. "Huo ndio ulio nao," akasema yule physio. "Waimbishie huohuo."

Basi nikaimbisha kidogo kidogo, kama mtu anayekoroga uji. Kwaya ikalazimika kunikodolea macho, ikashusha sauti kuufuata mkono. Kwa mara ya kwanza nikawasikia alto. Kumbe tunao!

Ikafika "Amina" ya mwisho. Nikamwona Mzee Elibariki akivuta pumzi ya mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Zamani ningekata noti kwa nguvu zote. Safari hii nikafanya kile kilichonishinda Njiro.

Nikauachia.

Mkono ukaanguka wenyewe. Kwaya ikanyamaza pamoja, hakuna hata "na" moja iliyobaki nyuma.

Tulishika nafasi ya pili. Nje Mzee Elibariki akanidaka: "Mwalimu, leo umetuonea. Besi tulivuta pumzi ya kutufikisha Kisongo kule mbali, umetushusha hapo Tengeru tu!"

Mwalimu wa vijana alikuja kunipongeza. Niliutikisa mkono wake kwa furaha kubwa mno.

Funzo langu: bega likianza kukaza, nenda kwa mtaalamu mapema, na akisema legeza, legeza tu. Mimi bado nahudhuria Njiro. Juzi nimemuuliza yule dada kama kulegeza kwangu sasa kumefikia kiwango. Amekataa kujibu.

Kuna mtu humu aliyeweza kuuachia mkono siku ya kwanza? Tupia hapa ulivyofanya, nikafanye mazoezi.